Kisima Nilichokisifu kwa Mzaha

Wiki iliyopita mlinikuta mkono umezama hadi kiwiko kwenye pipa la mchele la dada yangu, na vidoleni nimeshika vidonge vyake vya presha, pakiti kwa pakiti, hakuna hata kimoja kilichoguswa.

Kwa aliyejiunga nasi leo, karibu, jibanze hapo pembeni. Mimi ni Kaizar Adamji. Nilikuwa na duka la kufuli na bawaba hapa Mji wa Kale, likaungua. Nilikuwa na mke, akasema amechoka kuchekeshwa, akarudi kwao. Nilikuwa na mshirika wa biashara, na huyo msinikumbushe. Nikabaki na begi moja na dada mmoja, na dada ndiye aliyenifungulia mlango. Jina lake Amtulla. Sisi Mabohora dada tunamwita Ben, basi na nyinyi mwiteni Ben, hatakasirika.

Ben ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Alinifunga vifungo vya shati, akanifundisha kusoma, akanitetea kwa baba kila nilipomtania mgeni asiyetaniwa. Dunia imenichukulia mengi, wasomaji wangu, na mengine niliyatupa mwenyewe. Ben peke yake ndiye aliyebaki.

Nikaviweka vile vidonge mezani mbele yake.

"Ben, hivi ni nini?"

"Vidonge."

"Naona ni vidonge. Vinafanya nini kwenye mchele? Unavipikia pilau?"

Hakucheka. Na Ben, nikikohoa tu, hucheka.

"Sivihitaji tena," akasema. "Nimepata kitu bora. Sikutaka kukwambia kwa sababu wewe kila kitu kwako ni mchezo."

Akainuka huku ameshika ukuta. Hapo ndipo nilipoitazama miguu yake. Nimekaa nyumba moja na mtu huyu tangu duka liungue, na sikuwa nimeona kwamba ndara hazimwingii tena, kwamba anazikanyaga tu kwa juu. Akaenda jikoni, akarudi na gilasi ya maji.

"Onja."

Nikaonja. Nikatema kwenye leso.

"Ben, haya ni maji ya kisima."

"Ndiyo."

"Cha hapo uani."

"Ndiyo, Kaizar. Gilasi asubuhi, gilasi jioni."

Mtu wa kisiwani hahitaji kuelezwa, lakini nyinyi wa kwingine nawaambia: visima vyetu vya Mji wa Kale vina chumvi. Maji yake tunaogea, tunafulia, tunamwaga chooni. Ya kunywa ni maji matamu, tunaletewa kwa madumu. Mtoto anayetambaa anajua lipi ni dumu la kunywa. Na Ben alizaliwa ndani ya nyumba hii hii.

"Nani kakwambia unywe haya?"

Akanipa simu yake. "Soma. Na usinicheke."

Nikasoma. Ilikuwa imeandikwa hivi:

"Siri ya kisima cha Mji wa Kale Mombasa. Daktari mkubwa wa Kijerumani alikuja kuyapima maji haya, akatokwa na machozi. Chumvi ya kisima hiki ikiingia mwilini huifukuza ile chumvi ya damu, kama mwizi anavyomfukuza mwizi mwenzake mtaani kwake. Bibi mmoja wa Makupa aliyeugua presha miaka na miaka alikunywa, na sasa anapanda ngazi mbio. Mnadhani kwa nini Mabohora huonja chumvi kabla ya kula? Wanajua."

Nikavuta kiti.

Daktari wa Kijerumani nilimzaa mimi. Bibi wa Makupa nilimzaa mimi. Wale wezi wawili ni wangu, na niliwapenda sana siku ile, nikawarudia mara mbili ili watu wacheke tena.

Ilikuwa barazani, nje ya mlango wetu, kipindi kile mifereji ilipokauka mtaa mzima na watu wakaanza kukitazama kisima chetu kwa adabu ambayo hakijawahi kuonyeshwa. Tulikuwa tumekaa na kahawa. Mmoja akasema, afadhali nyinyi mna kisima. Nikasema, afadhali? Yakhe, hujui tunachokalia. Ndipo nikaanza na Mjerumani wangu. Kila walivyocheka ndivyo nilivyozidi kumvisha. Mwisho nikamalizia na chumvi ya Mabohora, na hapo mtu mmoja alimwaga kahawa kwenye kanzu yake kwa kicheko.

Lile la chumvi ni la kweli, na ndilo linaloniuma kuliko yote. Sisi tukikaa kwenye thaali, sinia letu kubwa la kulia pamoja, kila mmoja huonja punje ya chumvi kwanza, na tukimaliza tunaonja tena. Tumeambiwa tangu utoto kwamba ile punje ina kinga. Punje tu, ya kushika kwa ncha ya kidole. Mimi niliichukua heshima hiyo ya kwetu nikaitia kwenye uongo, ili uongo upate pa kushikia.

Mtunzi wa uongo anajua kila tundu alilolifunika. Yule daktari sikumpa jina wala hospitali, kwa sababu ningempa, mtu angeweza kumtafuta. Nilimtoa Ujerumani kwa kuwa ni mbali, na hakuna mtu barazani mwenye shemeji kule. Yule bibi nilimweka Makupa lakini sikusema mtaa gani wala ni bibi wa nani, na Makupa pana watu, nani atamsaka? Ukisikia dawa ya mganga asiye na jina iliyomponya mgonjwa asiye na nyumba, ndugu yangu, hapo pana Kaizar mahali fulani amekaa barazani anakunywa kahawa.

Lakini habari haikuishia hapo. Chini yake paliendelea:

"Hutibu pia sukari, figo, macho na ugumba. Wenye viwanda vya dawa hawataki mjue, na wauguzi wao watawakataza. Watumie unaowapenda kabla haijafutwa. Kichwa kikiuma na miguu ikivimba usiogope, huo ni uchafu unatoka. Vidonge usimeze, vitaurudisha ndani."

Hayo sikuyasema mimi. Wallahi sikuyasema. Mzaha wangu ulitoka nyumbani mtoto, ukakutana huko nje na watu wazima wakaufunza mengine. Na lile la mwisho lilinitia baridi. Dawa ambayo ukipata nafuu inafanya kazi, na ukizidiwa ndiyo inafanya kazi zaidi, itashindwa siku gani? Itashindwa siku ya kuzikwa, na hapo mwenyewe hayupo wa kudai.

"Ben," nikasema. "Huu ni mzaha wangu."

"Umeanza."

"Sikiliza. Niliutunga hapo nje. Hakuna Mjerumani. Hakuna bibi."

"Nshakwambia usinicheke."

"Sikucheki. Nitazame, nakucheka mimi?"

Akanitazama kweli, kwa muda. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionikata.

"Kaizar, Ramadhani iliyopita uliniambia kaimati zangu zimefika kwa balozi, na anatuma gari kuja kunichukua nimpikie. Nikavaa rida yangu mpya. Nikakaa mlangoni. Nilikaa mpaka adhana."

"Ben..."

"Ulikuwa umevaa uso kama huu huu. Sasa mimi nijue vipi? Lini unacheza na lini huchezi, niambie mimi nitajuaje?"

Nikamrudishia simu yake.

"Tena hii nimeipata kwa shoga yangu Saliha," akaongeza, "na Saliha kaletewa na wifi yake aliye Unguja. Wewe Unguja ulikwenda lini?"

Akachukua gilasi yake akaimaliza mbele yangu, kidogo kidogo, uso umekunjamana.

Nikaenda Tononoka kumfuata Sista Truphosa. Huyu ni muuguzi wa zahanati moja ya kule, mtu wa bara, mpole kwa wagonjwa na mkali kwa wanaume wachekeshaji. Kila mwezi ndiye aliyekuwa anampima Ben.

"Leo umekuja na hadithi gani?" akaniuliza hata kabla sijakaa.

Nikamsimulia yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza akachukua mkoba wake na mashine ya kupimia, akasema, "Tangulia."

Ben alimpokea vizuri, akamwekea chai na mkate wa mofa. Lakini mkono wa kupimwa hakuutoa. Aliukunja chini ya rida, lile vazi la wanawake wetu.

"Mama," Truphosa akasema, "chumvi ikiingia kwenye damu inavuta maji, na maji yakizidi presha inapanda. Hiyo miguu si uchafu unaotoka. Ni maji yamekosa pa kwenda."

"Iliandikwa kwamba mtasema hivyo."

"Nani aliandika?"

"Imeandikwa, wauguzi watakataza. Na wewe umekuja kukataza. Sasa nani mkweli?"

Truphosa akanitazama. Nikainamisha kichwa. Hata jibu la muuguzi lilikuwa limezibwa kabla hajabisha hodi.

"Kichwa kinauma, Mama?"

"Kidogo. Upande wa nyuma."

"Na macho?"

Ben akayapangusa kwa ncha ya rida. Kisha akasema, "Asubuhi naona kama kuna moshi. Lakini mimi sina wasiwasi, mwanangu. Mimi nataka kupona nirudi kutembea ufukweni Mama Ngina jioni, nile mihogo yangu, nipigwe na upepo. Hivyo vidonge miaka yote hii vimenipa nini? Vimenipa kusubiri tu."

Nilitoka nje nikasimama ukutani. Truphosa akanifuata.

"Huyu simshindi kwa mashine," akasema. "Wala wewe humshindi kwa kuapa."

"Nifanye nini?"

"Mtafutie mtu aliyekuwepo siku ile. Asiwe wewe. Asiwe mtani kama wewe. Na usichelewe, Mzee. Yule mama yuko pabaya, kama mtu aliyekaa ukingoni mwa dari."

Barazani siku ile tulikuwa kikundi, lakini wenzangu wote ni wa kabila langu, kabila la kicheko. Ben hawaamini hata wakimwambia jua limechomoza. Nikazunguka uani nikifikiri, nikamkuta Tsofa, msukuma mkokoteni wa maji, anajaza madumu kwenye kisima chetu.

"Tsofa, haya maji unayapeleka wapi? Watu wana nguo nyingi hivyo za kufua?"

"Kufua?" Tsofa akacheka. "Mzee, wewe unakaa juu ya dhahabu na huna habari. Haya ni ya kunywa."

"Ya kunywa?"

"Hebu kaa nikufunze. Alikuja daktari hapa, Mjerumani, kitambo. Akayapima. Unajua alifanya nini?"

"Alitokwa na machozi," nikasema.

"Alipiga magoti, Mzee. Hapo hapo uliposimama."

"Wewe ulikuwepo, Tsofa?"

"Mimi sikuwepo. Lakini kuna mtu alikuwepo."

"Mtu gani?"

Akafikiri. Akatazama ndani ya kisima kama ambaye jina limeangukia mle.

"Kuna mtu," akasema.

"Tsofa, huyo mtu ni mimi. Ni mimi niliyeutunga huo uongo."

Akanitazama, kisha akaanza kucheka taratibu, mabega yanatikisika, akanipiga begani kwa mkono wenye maji. "Mzee Kaizar, huishi vituko. Sasa unataka na kisima uwe umekitunga wewe."

Akasukuma mkokoteni wake akaondoka, na bado anacheka. Mahali pengine popote ningeshukuru kuchekewa hivyo.

Ndipo nikamkumbuka Nicanor.

Nicanor ni karani wa reli, Mkisii, amepanga chumba ghorofani nyumba ya pili. Mtu wa kanisani, mtaratibu, hapiti barazani bila kusalimia kila mmoja kwa mkono. Siku ile alikuwa amesimama pembeni na kikombe chake. Wote walicheka isipokuwa yeye. Nakumbuka alikuwa akibonyeza simu yake, nami nikadhani mzaha wangu umempita. Kumbe yeye peke yake ndiye aliyeusikia mpaka mwisho.

Ben anamheshimu Nicanor. Husema, huyu kijana hajui kusema uongo hata wa adabu. Basi nikapanda ngazi zile mbili mbili, moyo umechangamka kwa mara ya kwanza tangu pipa la mchele. Nimempata shahidi wangu.

Mlango wake ulikuwa wazi. Begi liko kitandani, nusu limejazwa. Mlangoni pamepangwa madumu mawili ya njano, yamejaa, vifuniko vimefungwa kwa karatasi ya plastiki.

"Mzee Kaizar," akasema. "Afadhali umekuja. Nilikuwa nije kwenu kuaga."

"Safari ya wapi, bwana?"

"Nyumbani. Mama ametuacha."

Nikakaa kitandani mwake bila kukaribishwa.

"Alianguka jikoni," Nicanor akasema huku anakunja shati. "Upande mmoja ukafa. Walimbeba mpaka barabarani, lakini hakufika hospitali."

"Pole. Pole sana, ndugu yangu." Na kwa kuwa nilihitaji kusikia, na sikutaka kusikia, nikauliza. "Alikuwa na nini?"

"Presha. Ya siku nyingi."

Akaliweka lile shati. Akanigeukia, na macho yake yalikuwa mekundu lakini yametulia.

"Lakini nakushukuru, Mzee."

"Mimi?"

"Yale maji. Nilikuwa namtumia kwa basi kila mwisho wa mwezi. Vidonge vilikuwa vinamchosha, alikuwa anavichukia. Siku niliyomwambia aviache, alicheka kwenye simu kama msichana. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu baba afe. Aliondoka na matumaini. Hayo ni yako."

"Ulimwambia aviache?"

"Si ilisemwa?"

"Mimi sikusema hivyo, Nicanor."

"Hapana, wewe ulisema sehemu ya kwanza. Niliiandika kama ulivyosema nikawatumia watu wa kwetu. Baadaye ilinirudia kwa njia nyingine, ikiwa imekamilika. Nikasema, basi, kama na wengine wanaijua, ni kweli."

Imekamilika. Hilo ndilo neno alilolitumia.

Wasomaji wangu, mimi ni mtu wa maneno. Nimewahi kuuza bawaba kwa mtu asiye na mlango. Pale kitandani nilifungua mdomo mara mbili na mara mbili ukajifunga wenyewe. Nilikuwa nimekuja kumwomba aseme ule ulikuwa mzaha. Lakini ili aseme, ni lazima kwanza ajue. Na akijua, atapanda basi na nini kifuani?

Nikaona nimwache aende akazike kwa amani. Nitatafuta njia nyingine. Nikasimama, ndipo nikayaangalia tena yale madumu.

"Na haya?"

"Ya kule. Shangazi zangu wote wana presha, na jirani yetu mmoja. Wameniambia nisiende mikono mitupu."

Hakungoja nijibu. Akasema anataka kumuaga Ben kabla ya kwenda kituoni, akatangulia kushuka. Nami nikamfuata nyuma, naziona kuta zinapita tu.

Truphosa alikuwa amerudi. Alikaa karibu na Ben, chai ya pili inapoa, mkono bado haujatolewa. Nicanor akasimama mlangoni, kofia mkononi, akatoa habari yake. Ben akamwita akae, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, mwanangu. Mungu amweke pema. Nilikuwa nakuuliza kila siku, mama yako yu hali gani."

"Asante, Mama. Na yeye alikuwa anakuulizia."

Kisha Ben, sauti imeshuka:

"Alikuwa anayanywa?"

"Mpaka siku ile yenyewe, Mama."

"Na yalimsaidia?"

Nicanor akafikiri, kwa kuwa ni mtu wa kusema kweli, akaitafuta kweli yake.

"Yalimpa moyo," akasema. "Zaidi ya hapo muulize Mzee. Yeye ndiye aliyetuletea hii habari."

"Mzee gani?"

"Huyu, Mzee Kaizar. Hapo barazani. Mimi niliandika tu."

Ben akageuza shingo polepole. Shahidi niliyemtafuta alikuwa amejileta na amesema bila kuombwa. Nikasubiri uso wa dada yangu uanguke. Haukuanguka. Uliangaza.

"Kumbe kweli ilitoka kwako," akasema. "Basi huyo daktari wewe ulimwona. Kwa nini ulinificha?"

Wote wakanitazama. Mmoja akitaka Mjerumani awepo ili apone. Mwingine akitaka awepo ili mama yake awe amekufa kwa jambo la maana. Sijawahi kuwa na wasikilizaji waliotaka hadithi yangu kwa kiasi hicho.

"Hakuna daktari," nikasema. "Nicanor, nisamehe. Hakuna daktari, hakuna bibi wa Makupa. Nilitunga vyote hapo nje ili watu wacheke. Kile ni kisima tu, cha maji ya chumvi, na chumvi ni mbaya kwa presha. Ndivyo ilivyo."

Nje mtu alikuwa akiteremsha dumu kisimani.

"Mlicheka," Nicanor akasema hatimaye. "Nakumbuka mlicheka sana."

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani mnafurahi. Nilidhani mnashukuru." Akaigeuza kofia yake mikononi. "Kwetu mtu hachezi na ugonjwa. Sikujua kwamba kuna mahali watu wanacheza nao."

"Nicanor..."

"Nilimwambia mimi. Kwa mdomo wangu. Alikuwa hataki mwanzoni, akasema sista wa kule atamgombeza. Nikamwambia, Mama, tupa."

Truphosa akanyoosha mkono amguse bega. Nicanor akausogeza mkono huo kwa adabu, akasimama. Nilifikiri atanipiga, na ningemshukuru. Akavaa kofia.

"Yale madumu nitayamwaga," akasema. "Lakini kule kuna watu wanakunywa, Mzee. Wa kanisa zima. Kila aliyemwona mama akicheka aliniomba. Nikiwaambia mimi watasema ni uchungu, nimechanganyikiwa. Kwa hiyo tutapanda basi pamoja. Utasimama mbele ya jeneza lake, uwaambie kama ulivyotuambia sisi."

"Watanila mzima."

"Sijui watafanya nini," akasema Nicanor. "Hilo siwezi kukuahidi."

Nikamtazama Ben. Nilitaka anitetee kama alivyonitetea kwa baba. Alikuwa ameinama, anaitazama miguu yake kama miguu ya mtu mwingine.

"Bado sijui, Kaizar," akasema. "Moyo wangu unakataa. Labda Truphosa amekutuma, labda unanionea huruma. Umenichekesha tangu una meno ya maziwa, siwezi kuijua sura yako ya kweli, hukuwahi kunionyesha." Akainua kichwa. "Lakini sijawahi kuona mtu akipanda basi usiku mzima kwenda kufanya mzaha kwenye mazishi ya mtu. Nenda. Ukisema pale mbele ya watu, Nicanor anipigie simu nisikie. Hapo nitavimeza."

"Meza kimoja leo, Ben. Kimoja tu, kwa ajili yangu."

"Nikimeza leo na ile habari ikawa kweli, je?"

"Si kweli."

"Ndivyo ulivyosema. Nenda ukaseme kule."

Nikavisukuma vile vidonge karibu naye. Akavirudisha katikati ya meza kwa kidole kimoja, bila hasira, kama anayesogeza sahani aliyoshiba.

Ni Truphosa aliyeinuka. Hakuomba tena. Akapiga goti mbele ya kiti, akaushika mkono wa Ben, na safari hii Ben hakuukunja. Akaufunga ule mpira juu ya kiwiko, akaiwasha mashine. Ikanguruma, ikajaa, ikaanza kushuka. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza, namba sikuziona.

Truphosa aliziona. Akaizima mashine, akaifunika kwa kiganja.

"Ngapi?" nikauliza.

Alimgeukia Nicanor.

"Basi lenu linaondoka jioni?"

"Jioni, sista."

"Hakuna la mapema zaidi?"